Jembe na Bunduki

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ndani ya methali hii mna sheria. Aliyepewa jembe amekwisha kuhesabiwa miongoni mwa wenyeji, na jasho lake limeingia katika udongo wao. Karagwe, pamoja na Kyerwa iliyomegwa humo na kufanywa wilaya mwaka 2012, imeitimiza sheria hiyo kwa vizazi vingi. Katika miaka ya 1960 ilipokea wakimbizi wa Rwanda. Mwaka 1994 ikapokea wengine kwa maelfu. Mto Kagera ulikuwa kivuko cha wafugaji kabla wakoloni hawajaufanya mpaka, na Mnyambo wa ng'ambo hii husikilizana na Mnyankole wa ng'ambo ile bila mkalimani.

Mwaka 2013 bunduki ilitumwa kutengua kazi ya jembe. Mwezi Julai Rais Jakaya Kikwete, akiwa ziarani mkoani Kagera, aliwapa wahamiaji wasio na vibali wiki mbili waondoke. Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, na wanajeshi wakapita vijijini pamoja na polisi na maofisa wa uhamiaji. Watu kwa makumi ya maelfu walivushwa au walikimbia kwenda Rwanda, Burundi na Uganda. Wapo waliokuwa wameishi Tanzania miongo mingi. Wapo waume waliotenganishwa na wake zao. Wapo walioacha ng'ombe na migomba. Jina la operesheni lilisema kweli kuliko walivyokusudia walioibuni: kimbunga hakichagui paa.

Watetezi wake wana hoja, nayo haifai kudharauliwa. Ujambazi wa silaha Kagera haukuwa ndoto, na kila dola ina haki ya kujua nani anaishi ndani ya mipaka yake. Lakini hoja hiyo yathibitisha haki ya kuuliza. Haithibitishi kwamba mwulizaji awe mwenye bunduki. Jambazi hukamatwa kwa kosa alilotenda. Hawa waliondolewa kwa asili waliyodhaniwa kuwa nayo. Uraia ni jambo la sheria: huhitaji ushahidi, mwamuzi asiye na haraka, na mlango wa rufani. Askari hakufunzwa kazi hiyo. Aonapo pua ndefu na kundi la ng'ombe, atahukumu kwa pua na kwa ng'ombe. Na mwanakijiji angeonyesha nini, ilhali vitambulisho vya taifa ndiyo kwanza vilianza kutolewa mwaka ule ule?

Si kwamba askari ni adui wa Kagera. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalipouvamia mkoa huu, askari wa Tanzania ndiye aliyeukomboa, na heshima yake ingali hai. Basi aliyemtoa mtoni na kumtuma mlangoni kwa mkulima aliivunja heshima ya askari kabla ya kuivunja nyumba ya mkulima.

Tena yalitendeka wakati gani? Juni 2013 Tume ya Jaji Joseph Warioba ilikuwa imetoa rasimu ya kwanza ya katiba mpya, na wananchi walikuwa wakiulizwa Tanzania iwe nchi ya namna gani. Swali liliulizwa kwa kalamu ukumbini. Mpakani lilijibiwa kwa mtutu. Kipindi cha mpito ndicho kipimo cha dola, kwa kuwa hapo sheria ya zamani imelegea na mpya haijakaza. Atumiaye nguvu katika pengo hilo huiandika katiba kabla ya wananchi.

Taifa hili lajua njia bora. Mwaka 1980 liliwapa uraia maelfu ya wakimbizi wa Rwanda, nalo halikuporomoka. Na Operesheni Tokomeza ya mwaka 2013, dhidi ya ujangili, ilipowatesa raia, Bunge lilichunguza na mawaziri wanne wakaondolewa. Je, mkulima wa Kyerwa ana damu nyepesi? Naye astahili uchunguzi wa uzito ule ule, mali yake irudi, na iwe marufuku kwa sheria mwanajeshi kuamua nani ni raia.

Jembe hutolewa kwa mkono. Likinyang'anywa kwa mtutu, mwenyeji naye ajiulize lake li salama kwa siku ngapi.