Akili Si Adui wa Imani

Wako watu wasemao ya kwamba elimu huharibu imani. Wamwonapo kijana aliyetoka shuleni akiuliza maswali mengi, hutikisa vichwa vyao na kusema, "Vitabu vimempoteza huyu, ingalikuwa heri aamini tu kama mama yake." Wako na wengine wasemao kinyume: imani ni kwa wajinga, na mtu akiisha kuelimika hana haja nayo tena. Makundi haya mawili hayapatani kwa neno lo lote ila moja. Yote mawili hudhani ya kuwa akili na imani ni maadui, wasioweza kukaa katika nyumba moja. Na katika neno hilo moja walilopatana, ndipo walipokosa wote.

Yatosha kutazama maisha ya mtu mmoja aliyehangaika na jambo hili ujana wake wote. Hakuwa mtu wa Ulaya, bali mtu wa Afrika, na jina lake ni Augustino.

Augustino alizaliwa mwaka 354 katika mji mdogo wa Tagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria. Baba yake, Patricius, hakuwa Mkristo wakati ule. Mama yake, Monika, alikuwa Mkristo mwenye kusali sana. Mtoto alikuwa mwepesi wa kujifunza, na baba yake, ingawa hakuwa tajiri, alijitahidi kupata fedha za kumsomesha. Akaenda Carthage, mji mkubwa wa pwani katika nchi ya Tunisia ya leo. Huko, alipokuwa katika mwaka wa 19 wa umri wake, alisoma kitabu cha Cicero, Mrumi mwenye hekima, kilichowahimiza watu kuipenda hekima kuliko mali na sifa. Moyo wake ukawaka moto. Tangu siku ile akataka kuijua kweli.

Siku zile walikuwako Carthage wafuasi wa Mani, mtu aliyezaliwa mwaka 216 katika nchi ya Iraki ya leo. Walifundisha ya kwamba ziko nguvu mbili tangu milele, nuru na giza, nazo hupigana daima. Tena waliwacheka Wakristo, wakisema ya kuwa Kanisa humwagiza mtu kuamini kabla hajafahamu, bali wao hawamlazimishi mtu kukubali neno mpaka waonyeshe sababu yake. Ahadi hii ilikuwa tamu kwa kijana apendaye kutumia akili. Akawafuata, akakaa nao yapata miaka tisa, na mama yake akamlilia kama watu wamliliavyo maiti.

Lakini Augustino hakuacha kusoma. Katika vitabu vya wataalamu wa nyota aliona jambo la ajabu. Watu hao, kwa kuhesabu mienendo ya jua na mwezi, waliweza kutabiri kupatwa kwa jua au kwa mwezi miaka mingi mbele, wakataja siku, na saa, na ni sehemu gani ya nuru itakayofichwa. Na siku ile ilipofika, ikawa vile vile. Hapakuwa na uganga ndani yake. Jua hupatwa wakati mwezi upitapo katikati ya jua na dunia. Mwezi nao hupatwa wakati dunia ikaapo katikati ya jua na mwezi. Kwa sababu hiyo mwezi haupatwi ila usiku wa mwezi mpevu. Ajuaye kuhesabu aweza kujua siku yake.

Mani naye alikuwa ameandika mengi juu ya jua, na mwezi, na nyota, akidai ya kwamba ameyapata kwa ufunuo. Augustino akayalinganisha maneno ya hawa na ya yule. Hesabu za wataalamu zilikubaliana na mambo yaliyoonekana kwa macho. Maneno ya Mani hayakukubaliana na hesabu wala na macho. Akawauliza wenzake. Hawakuweza kumjibu, ila walimwambia amngoje Faustus, askofu wao. Huyo akija, atayafumbua mafumbo yote.

Faustus alifika Carthage wakati Augustino alipokuwa katika mwaka wa 29 wa umri wake. Alikuwa msemaji hodari, mwenye maneno ya kupendeza kuliko wote. Walakini alipoulizwa habari za hesabu za jua na mwezi, hakuthubutu hata kuanza. Alikiri waziwazi ya kwamba hajui. Neno hili lafaa mwanafunzi kulikumbuka: Augustino alimheshimu Faustus kwa sababu ya kukiri kwake, maana mtu akiriye ujinga wake ni bora kuliko mtu aufichaye. Lakini tumaini lake katika dini ile likavunjika. Waliojisifu kwa akili hawakuweza kusimama mbele ya akili.

Na itazamwe ni nini kilichoanza kumtoa huko. Hakutishwa, wala hakukatazwa kusoma. Alitolewa na swali lililokosa jibu, na hesabu iliyo sawa. Kama Augustino angalifundishwa ya kwamba kuuliza ni dhambi, angalikaa katika upotevu siku zake zote. Ni kweli wasemavyo Waswahili, kuuliza si ujinga.

Kutoka katika uongo, hata hivyo, si sawa na kuingia katika kweli. Mwaka 384 Augustino alipata kazi ya kufundisha usemaji katika mji wa Milano, katika Italia. Huko akamsikia askofu Ambrosio akihubiri. Zamani alikuwa ameyadharau Maandiko Matakatifu, akiyaona kama hadithi tupu. Sasa akatambua ya kuwa maneno mengi aliyoyacheka hakuwa ameyafahamu. Mtu adharauye neno asilolielewa hajatumia akili, ametumia kiburi.

Tena akafikiri neno jingine. Ni mambo mangapi mtu huyaamini pasipo kuyaona? Augustino aliamini kuwa iko miji asiyopata kufika. Aliamini habari za mambo yaliyotendeka kabla hajazaliwa. Aliamini maneno ya rafiki zake na ya matabibu. Hata wazazi wake ni nani, alilijua kwa kuambiwa tu, wala hakuona shaka. Mtu akikataa kuamini kila kitu asichokiona mwenyewe, hawezi kuishi hata siku moja. Basi kuamini si kuitupa akili. Kazi ya akili ni kupima ni nani astahiliye kuaminiwa, na mtu akiisha kumpata, ni haki amwamini. Augustino akabatizwa na Ambrosio wakati wa Pasaka, mwaka 387.

Haifai kudhani ya kuwa elimu peke yake yatosha. Augustino mwenyewe alisadiki kwa akili muda mrefu kabla moyo wake haujakubali kuyaacha mazoea mabaya. Aliona pia ya kwamba wako wataalamu wa nyota walioweza kuona tangu mbali giza la kupatwa kwa jua, wala wasione giza la kiburi lililowaingia wenyewe. Tena mama Monika hakuwa msomi. Lakini mwaka 386, mwanawe alipokaa shambani pamoja na rafiki zake wakijadiliana habari za heri ya kweli, Monika aliketi nao, akatoa majibu ambayo Augustino aliyastaajabia, akayaandika katika kitabu. Mkristo asiyejua hesabu za nyota hapungukiwi na wokovu. Na akili njema si mali ya wenye vyeti tu.

Lakini kutojua ni jambo moja, na kufundisha usilolijua ni jambo jingine. Augustino alirudi Afrika, akawa kasisi wa Hippo mwaka 391, kisha askofu wa mji ule. Katika kitabu chake cha kueleza Mwanzo aliwaonya Wakristo kwa ukali. Alisema ya kuwa mtu asiyeamini aweza kujua kwa hakika mambo ya mbingu, na nchi, na wanyama, na mimea. Mtu huyo akimsikia Mkristo akinena upuzi juu ya mambo hayo, na kusema ya kwamba ndiyo mafundisho ya Maandiko, atacheka. Kumcheka Mkristo si hasara kubwa. Hasara ni kwamba hatayaamini Maandiko yale yale yanenapo habari za ufufuo na uzima wa milele, akiwa ameyaona yakitajwa kuwa shahidi wa uongo katika mambo anayoyajua mwenyewe.

Onyo hili halijachakaa. Mzazi mwenye mtoto aliyeshikwa na homa ya malaria, naye akakataa kumpeleka hospitali kwa kusema ya kwamba dawa ni upungufu wa imani, hakumheshimu Mungu. Yeye aliyewapa watu akili za kumtambua mbu aletaye ugonjwa, na kuipata dawa iuponyayo, ni Mungu yule yule asikiaye sala. Mtoto akifa, jirani hawatasema ya kuwa mzazi alikosa elimu. Watasema ya kuwa imani imemwua. Vivyo hivyo mwalimu wa dini aulizwapo swali gumu na mwanafunzi, naye akamkemea kuficha ya kwamba hajui, aweza kumfukuza mtoto yule katika imani kuliko adui ye yote wa Kanisa. Ingalikuwa bora aseme kama Faustus, "Sijui," kisha aseme neno ambalo Faustus hakulisema, "Na tutafute pamoja."

Huenda mtu akauliza: je, hayako mambo ya Mungu yapitayo akili ya mwanadamu? Yako. Mtungi hauwezi kuchukua bahari yote. Lakini hiyo si sababu ya kuuvunja mtungi. Augustino alimwandikia mtu mmoja, jina lake Consentius, ya kwamba Mungu hawezi kukichukia kitu kile ambacho kwacho alimfanya mwanadamu kuwa bora kuliko wanyama. Akaongeza neno lenye nguvu: asiye na akili hawezi hata kuamini. Ng'ombe hana shaka, lakini hana imani pia. Kwa hiyo alifundisha ya kwamba mtu aamini apate kufahamu, na tena afahamu apate kuamini. Mambo haya mawili husaidiana kama miguu miwili ya msafiri. Mwenye kurukia mguu mmoja, hata ukiwa mguu wenye nguvu, hafiki mbali.

Naye Bwana Yesu, alipoulizwa habari za amri iliyo kuu, hakuiacha akili nje. Aliitaja pamoja na moyo na roho, kuwa ni sehemu ya pendo ambalo mtu ampasa kumtolea Mungu. Basi mvivu wa kufikiri asijisifu kwamba ana imani kubwa, maana amemnyima Mungu sehemu aliyoidai.

Augustino alifariki mwaka 430, wakati mji wa Hippo ulipozungukwa na jeshi la Wavandali. Dola la Roma alimozaliwa limekwisha anguka, bali vitabu vyake vingalisomwa. Kijana anayeketi leo darasani, mbele yake kitabu cha hesabu na kitabu cha dini, hana haja ya kukificha kimoja asomapo kingine. Avisome vyote viwili kwa bidii, aulize asipoelewa, akiri asipojua, na asiseme uongo kwa kumtetea Mungu. Mungu wa kweli hahitaji uongo wa mtu.