Kabla ya 'kupiga Windows', chungulia kinachokula kompyuta yako

MSIMU wa alizeti uliopita, jirani yangu mmoja hapa Singida mjini, mwenye mashine ndogo ya kukamua mafuta, alipoteza daftari la madeni. Halikuungua wala halikuibwa. Lilifutwa mchana kweupe na fundi aliyelipwa Sh20,000, na siku hiyo si fundi wala mwenye mali aliyejua kwamba linafutwa.

Jirani huyu, kama walivyo wakamuaji wengi wa mkoa huu, huwakopesha wakulima wa Mtinko, Ilongero na Ikungi mbegu na fedha za palizi, nao humlipa kwa magunia wakati wa mavuno. Zamani aliandika kwenye kaunta buku. Baadaye alinunua kompyuta iliyotumika, mwanawe akamtengenezea jedwali, na tangu hapo kila gunia, kila lita na kila mfuko wa mashudu ukaingia humo.

Kuanzia Machi kompyuta ikawa nzito. Aliiwasha asubuhi, akaenda kunywa chai, akirudi anaikuta bado inazunguka. Akibonyeza herufi inatokea baada ya muda, kama mtu anayefikiria kwanza kama ajibu au la. Akaipeleka kwa fundi. Fundi akaitazama kwa dakika mbili na kutoa hukumu ambayo kila mwenye kompyuta nchini ameshawahi kuisikia: "Hii imejaa virusi mzee, tuipige Windows."

Jioni akairudishiwa ikiwa nyepesi kama mpya. Nyimbo zilikuwepo, video ya harusi ya binti yake ilikuwepo, kwa sababu vilihifadhiwa kwenye sehemu ya diski inayoitwa D. Jedwali la madeni lilikuwa pale kwenye uso wa kompyuta, yaani pale unapoona picha za mafaili mara tu inapowaka. Watu wengi huweka mambo yao muhimu hapo kwa sababu yanaonekana haraka. Wasichojua ni kwamba uso huo kwa kawaida uko ndani ya sehemu ya C, na C ndiyo inayofutwa Windows inapopigwa upya.

Alitumia wiki mbili juu ya bodaboda akizunguka kijiji kwa kijiji kuuliza wadaiwa wake wanadaiwa kiasi gani. Niseme kwa heshima ya wakulima wetu kwamba wengi walitaja deni lao bila kupunguza hata debe. Lakini si wote. Na kilichonishangaza zaidi ni kwamba baada ya mwezi mmoja hivi kompyuta ile ikawa nzito tena, vilevile kama mwanzo.

Hapo ndipo nilipoketi naye. Mimi si mtaalamu wa kompyuta. Ni mfanyabiashara ambaye ameharibu mashine zake mwenyewe vya kutosha mpaka akajifunza. Msimamo wangu, nautoa bila kumung'unya maneno, ni kwamba kupiga Windows kwa kila ugonjwa ni sawa na kubomoa ghala kwa sababu limeingia panya. Kazi ya kwanza ni kuchungulia ndani na kuona nani anakula.

Kompyuta ina kumbukumbu za aina mbili. Kuna diski, ambayo ni kama ghala. Kitu hubaki humo hata umeme ukizimwa. Kuna kumbukumbu ya kazi, ambayo ni kama meza ya karani. Kila programu inayofanya kazi lazima ipate nafasi juu ya meza. Meza ikijaa, kompyuta huanza kupeleka vitu ghalani na kuvirudisha kila vinapohitajika, na kama diski ni ile ya zamani yenye sahani inayozunguka, safari hizo huchukua muda mrefu. Ndiyo maana utaona kale kataa ka diski kanawaka mfululizo wakati wewe hujagusa kitu.

Nani anaijaza meza? Mara nyingi si jedwali lako la alizeti. Ni programu zinazojiwasha zenyewe kila kompyuta inapowaka, zikakaa nyuma ya pazia bila kuonekana. Kila programu unayoingiza, kuanzia ya kuchapisha karatasi, ya kupiga muziki, ya kupiga simu za mtandaoni, hata ya kusoma nyaraka, hupenda kujipa haki ya kuamka asubuhi pamoja na mashine, ikisubiri tu siku utakapoihitaji. Ni kama kuwa na vibarua kumi na wanne wanaoripoti kila siku saa moja asubuhi, watatu wakafanya kazi na waliobaki wakakalia viti.

Kompyuta ya jirani ina kumbukumbu ya kazi ya gigabaiti 4. Kabla hatujafungua chochote, zaidi ya gigabaiti 3 zilikuwa zimeshaliwa.

Kuona hayo hakuhitaji fundi. Kwenye Windows 10 na 11, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Litafunguka dirisha la Task Manager. Likifunguka dogo, bofya maandishi yaliyo chini ili lipanuke. Utaona orodha ya kila kinachofanya kazi, na mbele yake safu za namba: kichwa cha kompyuta kinatumika kiasi gani, kumbukumbu kiasi gani, diski kiasi gani na mtandao kiasi gani. Bofya juu ya safu ya kumbukumbu, na walaji wakubwa watapanda juu kabisa ya orodha. Fanya hivyohivyo kwa diski. Usifute kitu bado, tazama tu na uandike majina kwenye karatasi.

Kisha nenda sehemu ya Startup katika dirisha hilohilo. Hapo ndipo penye vibarua wanaojileta. Chagua usiyemhitaji, bonyeza 'Disable'. Hilo halifuti programu. Linaizuia tu isijiwashe asubuhi, na siku ukiitaka utaiwasha kwa mkono wako. Wale wenye mashine za zamani zaidi, za Windows 7 au XP, sehemu hiyo wataikuta kwa kuandika msconfig kwenye kisanduku cha 'Run'. Zima mbili au tatu kwa siku, washa upya, tazama kama kuna kilichoharibika, kisha endelea. Anayezima kumi kwa mpigo hatajua ni ipi iliyomharibia printa.

Tahadhari moja. Utakutana na jina svchost limejirudia mara nyingi, hata mara hamsini. Huyo ni mtumishi halali wa Windows, na kujirudia kwake si dalili ya ugonjwa. Hata hivyo, waandishi wa virusi wanapenda kuvaa majina ya namna hiyo. Bofya jina kwa kitufe cha kulia na uombe kuonyeshwa faili lilipo. Svchost halali hukaa ndani ya folda za Windows yenyewe, hasa System32. Ukikuta mwenye jina hilo anaishi kwenye folda ya vitu ulivyopakua, au kwenye flashi, huyo ni mgeni aliyevaa sare ya mlinzi.

Kwa jirani tulikuta programu mbili za kupambana na virusi zikifanya kazi kwa wakati mmoja, kila moja ikichunguza kila faili ambalo mwenzake amegusa. Mbili hazilindi mara mbili. Hugombana, na mwenye kompyuta ndiye anayelipa. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, Windows huja na kinga yake ndani, na kwa duka au mashine ya kukamua inatosha ikiwa inapata maboresho. Tukaiondoa moja. Tukaondoa pia programu iliyojitangaza kwamba itaiongezea kompyuta kasi, ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kutoa matangazo ya kutaka ilipiwe.

Mlaji mkubwa kuliko wote alikuwa na jina lisiloeleweka, akitumia zaidi ya nusu ya nguvu ya kichwa cha kompyuta hata pale sisi tulipokuwa tumekaa tu tunatazama. Tukafuatilia folda lake na kugundua kwamba aliingia siku ileile fundi alipopiga Windows, sambamba na programu ya ofisi isiyolipiwa na kile kifunguo cha kuivunja. Vifunguo hivi karibu vyote vina sharti moja: zima kwanza kinga ya virusi ndipo nikufanyie kazi. Ni mgeni gani anayebisha hodi usiku akakuomba umfunge mbwa kwanza, nawe ukamfungulia? Sitasema kwamba kila mtu ana fedha za kununua programu halali. Hana. Lakini LibreOffice ni ya bure kihalali, inafungua majedwali yaleyale, na hakuna kifunguo cha kuvunja.

Wasomaji wenye umri wangu watakumbuka kirusi cha Conficker, kilichojitokeza Novemba 2008 na kusambaa pamoja na mambo mengine kwa flashi. Ukichomeka flashi, Windows ya wakati ule ilikuwa tayari kuendesha kilichomo yenyewe. Microsoft ilikuja kuibana tabia hiyo kwa mashine za zamani Februari 2011. Kwenye vibanda vyetu vya kuchapishia, hata hivyo, flashi bado inapita mashine ishirini kwa siku.

Suala la bando nalo haliwezi kupita hivihivi. Wafanyabiashara wengi hapa wanaunganisha kompyuta kupitia simu, na wanalalamika kwamba bando la wiki linakwisha kwa siku moja. Wengi wanalaumu kampuni za simu. Lakini maboresho ya Windows yanaweza kufika mamia ya megabaiti, wakati mwingine zaidi ya gigabaiti moja, na hupakuliwa nyuma ya pazia. Kwenye mipangilio ya mtandao kuna mahali pa kuiambia kompyuta kwamba muunganisho huu unalipiwa kwa kipimo, nayo itapunguza kujichotea. Ifanye hivyo kwa simu yako. Ila usizime maboresho moja kwa moja. Tafuta siku moja kwa mwezi, mahali penye mtandao wa bei nafuu, uiache ijichotee. Wenye Windows 10 wajue pia kwamba huduma ya kawaida ya bure ya kuiboresha ilikoma Oktoba 14, 2025.

Na vumbi. Upepo wa Singida tunaujua. Feni ikijaa vumbi, kompyuta hupata joto na kujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, nawe ukadhani ni virusi. Brashi laini, mashine ikiwa imezimwa na kuchomolewa, mara moja kila miezi mitatu.

Sitaki kuwatwisha mafundi lawama zote. Nilizungumza na mmoja, akaniambia ukweli ambao sisi wateja hatuupendi. Kusafisha kompyuta moja kwa uangalifu kunaweza kuchukua saa nne. Kupiga Windows kunachukua saa moja na nusu, tena akiendelea na kazi nyingine. Mteja analipa Sh20,000 ileile na anataka mashine jioni. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Tukubali basi kulipa muda wa fundi, na tumdai jambo moja kabla hajagusa kitu: anakili mafaili yote ya sehemu ya C, ukiwemo uso wa kompyuta, nasi tuyafungue mbele yake tuone kama yanasomeka. Kuna nyakati kupiga Windows ni lazima, mafaili yake yenyewe yakiwa yameharibika au kirusi kimeota mizizi. Liwe la mwisho kujaribiwa.

Nchi hii ina historia ya kuilaumu mashine. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliingia Wizara ya Fedha mwaka 1965, na baada ya mfumo wa hesabu kuvurugika, mwaka 1974 ikapigwa marufuku kuingiza kompyuta nchini. Leo hatupigi marufuku, tunafuta. SIDO hapa mkoani inawafundisha wakamuaji namna ya kuchuja mafuta na kufungasha. Ningependa mafunzo hayo yaongezewe nusu siku ya utunzaji wa kompyuta, na vyama vya msingi vya ushirika vipeleke makarani wao. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5, na 'fundi alipiga Windows' si jibu la kumpa ofisa wa kodi.

Kompyuta ya jirani sasa inawaka kabla maji ya chai hayajachemka. Kila Jumamosi jioni ananakili jedwali kwenye flashi mbili. Moja inakaa nyumbani, nyingine kwa dada yake Manyoni, akipata gari la kuipeleka. Madeni ameyarudisha karibu yote isipokuwa ya wakulima watatu. Hao amewaandika kwa kalamu, kwenye kaunta buku la zamani, bila kiasi.