Raketi kumi mbovu za nini?

Mmechanga pesa hapo Section 58 ama Lanet, mnataka kuanzisha darasa la badminton. Sasa unaangalia zile pakiti za raketi mbili mbili za bei ya kutupa. Ebu ngoja kwanza.

Nyingi huwa za chuma, na uzito wake unapita gramu 100. Pale shingo inaposhikana na kichwa hulegea mapema. Mtu akicheza nayo wiki mbili kiwiko kinamuuma, kila pigo linaenda kando, na anajiambia mchezo huu si wake. Kumbe shida ni raketi. Hilo ndilo huniuma, kwa sababu mtu kama huyo harudi.

Afadhali ununue chache za grafaiti, zilizoandikwa 4U, yaani gramu 80 hadi 84. Nyuzi zikazwe pauni 20 hivi, usidanganywe na mambo ya 28. Utaniuliza, je, wengine watatumia nini? Niliacha chuo lakini hesabu hii sijaisahau: uwanja mmoja, hata mkiwa kumi na wawili, wanaocheza ni wanne. Nunua sita, mpokezane.

Vinyoya chukua vya nailoni, maana vya manyoya halisi vitawafilisi. Na uangalie ule utepe wake: kijani ni polepole, bluu wastani, nyekundu kasi. Nakuru tuko kama mita 1,850 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kinyoya kinaruka mbali. Huku kwetu itisha kijani. Ukiuziwa nyekundu, kila pigo litatua nje ya mstari wa nyuma na utalaumu mkono wako bure.