Kifusi kiuzwe kwa jina lake, si kwa jina la kokoto

Kila anayerejea kwao baada ya miaka mingi ugenini hupokewa na mambo mawili: kiwanja na kifusi. Mimi nilipokewa nayo mwaka 2009 niliporudi kijijini kwetu karibu na Tororo. Nyumba ya marehemu babangu ilikuwa imebaki rundo la matofali ya kuchoma lililomezwa na magugu.

Tulitoroka nyumba hiyo mwaka 1987, wakati kundi la Alice Lakwena lilipopita Mashariki mwa Uganda likielekea Jinja. Nilikuwa na umri wa miaka sita. Nilisomea Busia, upande wa Kenya, chini ya mfumo wa 8-4-4, na kazi ya ualimu nikaianzia huko huko.

Sisimulii haya ili nihurumiwe. Nayasimulia kwa sababu rundo lile lilinifunza somo linalomhusu kila anayejenga, na kila anayeuza vifaa vya ujenzi, kutoka Busia hadi Malaba na Tororo.

Nilipotafuta lori la kuondoa kifusi, fundi wangu, mzee wa makamo, alinizuia. "Mwalimu," akasema, "mbona ulipe lori liondoe haya, kisha ulipe lori jingine likuletee kokoto?" Akashauri tuyaponde matofali, tuyachekeche na kuyatumia badala ya kokoto katika zege ya sakafu. Nilisita, lakini mfuko wangu haukuwa na nguvu ya kubishana naye.

Sakafu hiyo ipo hadi leo. Kilichotuangusha ni kifuniko cha choo cha shimo, ambacho tulikijenga mwaka huo huo kwa kokoto za kununua kwa mfanyabiashara mmoja. Kabla ya miaka mitatu kutimia kilipasuka. Mama ndiye aliyeusikia mlio huo, mguu mmoja ukiwa ndani na mwingine ungali nje. Aliruka nyuma, Mungu akamnusuru.

Tulipokivunja tulikuta ndani yake vipande vya matofali yasiyoiva, plasta kuukuu na madonge ya udongo, vyote vimechanganywa na mawe. Sisi tulikuwa tumelipia mawe matupu.

Hapo ndipo penye kitendawili. Kifusi tulichokijua kilitufaa, lakini kifusi tulichouziwa kwa jina la kokoto nusura kituue. Swali basi si iwapo taka za ujenzi zinafaa kutumiwa tena. Swali ni nani anayetwambia kilichomo ndani ya rundo tunalonunua, na kwa kazi gani.

Tuanze na hesabu ambayo kila fundi anaijua. Zege ya kawaida huchanganywa kwa kipimo cha moja kwa mbili kwa nne: karai moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto, au balasti kama wengi wanavyoiita hapa mpakani. Katika kila karai saba, nne ni kokoto.

Sasa tazama tunavyonunua. Mfuko wa saruji, uwe umetoka Tororo au Athi River, umeandikwa jina la kiwanda, uzito wa kilo 50 na daraja la nguvu. Mfanyabiashara wa Busia anajua kuwa saruji ya 32.5 ni ya kuta na plasta, na ile ya 42.5 ni ya nguzo na slabu. Akiukuta mfuko umeshonwa upya hauchukui. Lakini kokoto, zilizo mara nne ya saruji hiyo, hununuliwa kwa macho tu, tena mara nyingi jioni, lori likiwa na haraka ya kurudi.

Kwa nini ijali? Kwa sababu jiwe na tofali hazinywi maji sawa. Chukua kipande cha jiwe kilichokauka, kipime, kilaze ndani ya maji usiku kucha, ukifute na kukipima tena. Aghalabu hakitaongeza hata gramu 20 kwa kila kilo. Kipande cha tofali la kuchoma kinaweza kuongeza gramu 150, 200 au hata zaidi. Zege kuukuu iliyopondwa huwa katikati, kwa sababu kila jiwe lake limevaa koti la saruji ya zamani.

Kiu hiyo ndiyo inayoharibu kazi. Matofali makavu yakiingia kwenye mchanganyiko hunyonya maji ya saruji, zege ikawa ngumu kumwagika, na vijana wakaongeza maji bila kipimo. Maji yakizidi, nguvu hupungua. Nakiri kwamba ndivyo tulivyofanya kwenye kile kifuniko, hivyo lawama si ya muuzaji peke yake. Lakini tungejua tulichonunua, tungekilowesha kwanza kama tulivyolowesha matofali ya sakafu, au tungekikataa.

Mbaya zaidi ni vitu vinavyosafiri na kifusi: udongo, vipande vya mbao, karatasi za nailoni na plasta ya jasi. Udongo huizuia saruji kushika jiwe. Mbao huvimba na kuoza. Jasi huanzisha ndani ya zege kuvimba kunakoipasua polepole, hata miezi mingi baada ya fundi kulipwa na kwenda zake.

Je, dawa ni kupiga marufuku kifusi? La hasha. Wajerumani, baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, walijenga upya miji yao kwa kuponda matofali ya majumba yaliyobomolewa na mabomu. Bangladesh, nchi iliyokaa juu ya tope la mito na yenye uhaba wa mawe, imezoea kuchoma matofali na kuyaponda yawe kokoto.

Wajapani ndio wanaotufaa zaidi kwa mfano. Kati ya mwaka 2005 na 2007 walitunga viwango vitatu vya kokoto zinazotokana na zege kuukuu. Daraja la juu hutumika hata katika majengo makubwa, la kati hasa katika kazi za chini ya ardhi kama misingi, na la chini katika kujazia na kusawazisha. Uingereza nayo huruhusu kokoto za aina hiyo katika zege ya majengo, lakini kwa kawaida zisizidi asilimia 20 ya kokoto zote. Wenzetu hawakuuliza iwapo kifusi ni kizuri au kibaya. Walikipa daraja na jina.

Sisi wa mpakani hatuhitaji kufunzwa kutumia vitu upya. Matairi yaliyochakaa huwa akala, na vyuma vikuukuu huwa majiko. Ni nani aliyewahi kuuziwa akala akiambiwa ni viatu vya ngozi? Kila mtu anajua anachovaa. Kwa nini basi kifusi kifichwe ndani ya kokoto?

Jibu ni faida. Aliyebomoa anataka uwanja wake usafishwe, hivyo kifusi hupatikana karibu bure. Kikifika sokoni kwa jina la kokoto, bei yake hupanda. Ambacho hakikuuzwa hutupwa mitaroni na katika vinamasi, na mvua ikinyesha maji hukosa njia na kuingia madukani mwetu.

Sheria zipo. Uganda ilipitisha Sheria ya Udhibiti wa Majengo mwaka 2013. Kenya ilianzisha Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi kwa sheria ya mwaka 2011, ikapitisha sheria ya usimamizi wa taka mwaka 2022, na kanuni zake za ujenzi za mwaka 2024 zilichukua mahali pa zile za mwaka 1968. Mashirika ya viwango, KEBS na UNBS, yapo. Hata Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kiwango cha pamoja cha saruji.

Kituo cha pamoja cha mpakani Busia, kilichozinduliwa rasmi na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni mnamo Februari 24, 2018, kilipunguza usumbufu wa kukaguliwa mara mbili. Lakini karatasi za forodha hazimwambii mnunuzi kama rundo lililo ndani ya lori ni la mawe au la matofali.

Kuna watakaosema kwamba hii ni hofu ya mwalimu aliyeogopeshwa na ufa mmoja. Nawakumbusha jengo la Huruma, Nairobi, lililoporomoka Aprili 29, 2016 na kuua takriban watu 50. Sisemi kwamba lilijengwa kwa kifusi. Ninachosema ni kuwa jengo haliporomoki siku linapoanguka. Huanza kuporomoka siku ambayo mwenye pesa, fundi na mkaguzi wanaacha kuulizana maswali.

Wengine watauliza kuhusu akina mama wanaoponda mawe kwa nyundo kandokando ya barabara zetu. Je, kifusi hakitawanyang'anya riziki? Naona kinyume chake. Wao ndio wenye nyundo, chekeche na jicho la kutenganisha. Mama aliyeponda mawe miaka kumi hahitaji mashine kujua tofali lililoiva. Huligonga tu akasikiliza: lililoiva hulia kama chuma, na lisiloiva hutoa mlio mzito na kumeguka.

Basi nina mapendekezo matatu. Kwanza, kila muuzaji aweke marundo mawili, la mawe na la kifusi, kila moja kwa bei yake, na risiti ionyeshe alichouza. Hili halihitaji bunge. Vyama vya wafanyabiashara wa Busia na Malaba vinaweza kulianza hata wiki ijayo.

Pili, serikali ya Kaunti ya Busia na wenzao wa wilaya za Busia na Tororo watenge viwanja vya kupokea kifusi, kisafishwe na kupondwa, na vyuo vya ufundi vya pande zote mbili vipime sampuli. Kipimo chenyewe si uchawi. Ni mchemraba wa zege wa milimita 150 kila upande, unaowekwa majini siku 28 kisha ukavunjwa kwa mashine.

Tatu, Jumuiya iliyoweza kukubaliana kuhusu saruji ikubaliane pia kuhusu madaraja ya kifusi. Lori linalovuka mpaka lisiwe kokoto upande huu na kifusi upande ule.

Kwa ndugu zangu mliorejea, mliotoka Uganda utotoni kama mimi, na nyinyi Wakenya mliokimbilia Mulanda, Tororo, mwaka 2008 kisha mkarudi nyumbani, nina neno moja la kuongeza. Msione haya kutumia matofali ya nyumba iliyobomoka. Yatumieni kwenye sakafu ya chini, njia za kupitia na zege nyembamba ya kusawazisha chini ya msingi. Yasafisheni, yachekecheni na kuyalowesha siku nzima kabla ya kuchanganya. Kipande kinachoongeza zaidi ya gramu 200 kwa kilo baada ya kulazwa majini, kitupeni kwenye shimo la kujazia.

Lakini nguzo, slabu, ngazi, kifuniko cha choo na chochote kilichobeba uzito wa mtu juu ya utupu, kitieni mawe. Kama hela hazitoshi, afadhali mngoje mavuno mengine. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini kuna nyufa ambazo hazikupi nafasi ya kujenga chochote.

Kifuniko kipya cha choo chetu tulikijenga kwa mawe niliyoyanunua moja kwa moja kwa mama mmoja mponda mawe, nikayachekecha mwenyewe huku watoto wangu wakiyaosha. Mama yangu alikikanyaga kwa mara ya kwanza akiwa amenishika mkono. Siku hizi huingia peke yake, lakini naona bado husimama kidogo mlangoni na kukigonga kwa fimbo kwanza.