Ukimpeleka tineja Nairobi, mpe bajeti, usimpe tu hela ya soda

Shule zikifungwa Agosti au Desemba, familia nyingi hupanga safari ya Nairobi. Wanatoka Kisumu, Kitui ama Mombasa, wanalala kwa shangazi Umoja au kwa mjomba Kasarani, halafu wanatembea mji siku tatu nne hivi. Mara nyingi pesa yote ya safari iko kwa simu moja, ya baba ama ya mama. Mzazi ndiye analipa nauli, analipa kiingilio, analipa chipsi. Tineja wa miaka 15 anafuata nyuma akiwa amenuna, simu mkononi, akingoja kuambiwa sasa tunaenda wapi.

Kwa maoni yangu, hapo tunapoteza nafasi nzuri sana. Mtoto aliyefika sekondari anafaa kukabidhiwa siku moja nzima ya safari aiendeshe yeye: achague mahali pa kwenda, apige hesabu ya watu wote, asimamie malipo, na jioni aeleze pesa ilienda wapi.

Kwa nini nasema hivyo? Kwa sababu akifika miaka 18 atachukua kitambulisho na kusajili laini kwa jina lake. Kabla hajazoea hata hiyo laini, mikopo ya simu na betting zitakuwa zimemfikia. Hakuna atakayemuuliza kama amewahi kushika elfu tatu asubuhi na kuifikisha jioni. Afadhali ajifunze akiwa na wewe kando, kwa pesa kidogo, kuliko ajifunzie kwa deni.

Hela ya soda si bajeti

Hela ya soda huisha soda ikiisha, na hakuna anayeulizwa. Bajeti ina kazi. Tuseme mko watu watano na umempa kijana KSh 3,000 za siku. Hiyo ni nauli, chakula, maji na akiba kidogo ya dharura. Akitaka kuongeza kitu, lazima aseme anapunguza nini.

Angalia nauli peke yake. Tuseme matatu ya kuingia tauni ni 60, na nyingine ya kwenda Lang'ata ni 60. Watu watano, hiyo ni 600 kwenda. Mkirudi mapema kabla ya saa za msongamano, ni 600 nyingine. Mkichelewa hadi watu watoke kazini, ama mvua inyeshe, kila gari linaweza kuitisha 100. Kurudi sasa ni 1,000. Hiyo 400 iliyoongezeka ingelisha watu wawili kwa kibanda. Unaweza kumhubiria kijana kuhusu kupanga muda mwaka mzima asisikie, lakini akiona 400 imeenda kwa sababu kaka yake alikataa kutoka dukani, ataelewa mara moja.

Desemba iliyopita siku hiyo ilikuwa ya binti yangu wa miaka 16. Ndugu yake alitaka pizza. Hakumfokea wala hakuniita niamue. Alimwonyesha bei, akamwuliza, "Tutoe nini? Makumbusho ama nauli ya kurudi?" Kijana akafikiria, akasema wali maharagwe ni sawa. Mimi nikisema "hakuna pesa" hapo nyumbani, huwa ni vita. Siku hiyo hesabu ilijisemea yenyewe.

Nairobi ina vya kuona hata kwa pesa kidogo

Wazazi wengine watasema hii ni ya watu wenye hela. Hapana. Kijana akipewa pesa kidogo atalazimika kutafuta, na mji huu una mengi ya kuona kwa pesa kidogo. Kwenye barabara ya Moi Avenue kuna sanamu ya Tom Mboya, karibu na pale alipopigwa risasi Julai 1969. Hatua chache kutoka hapo ni jengo la Kumbukumbu za Kitaifa, lenye mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa pili wa rais. Mkitembea kidogo mnafika Kimathi Street, ambapo Dedan Kimathi amesimama tangu 2007. Hapo hamjapanda matatu hata moja, na kijana wa historia tayari ana la kuandika.

Pesa ikiruhusu, nendeni Makumbusho ya Kitaifa. Uani kuna sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya Rais Kenyatta mwaka wa 1970. Hapo pia ndipo watoto hujifunza kuhusu Kijana wa Turkana, mifupa ya takriban miaka milioni 1.5 iliyogunduliwa mwaka wa 1984. Waliokuja na treni wanaweza kupenda Makumbusho ya Reli. Na ile Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa 1946, iko karibu na tauni kiasi kwamba utaona ghorofa nyuma ya twiga.

Mbuga pia ni somo la malipo. Kiingilio hulipwa kupitia eCitizen. Basi usiku uliotangulia, kaeni pamoja. Yeye asome viwango, kwa maana mtoto halipi sawa na mtu mzima na raia halipi sawa na mgeni, nawe ulipe kupitia akaunti yako. Hesabu hiyo ikifanywa mezani, hamtashtukia bei mkiwa langoni na watoto wanalia jua.

"Lakini Nairobi si mchezo"

Hofu hii ni ya kweli, na siidharau. Simu hunyakuliwa kwa dirisha la matatu. Kuna meseji feki za "nimetuma kwako kimakosa, nirudishie". Kuna wanaopiga simu wakijifanya wahudumu wa wateja. Ila matapeli hao hawako Nairobi pekee. Simu ya mtoto wako iliyo Bungoma wanaifikia pia. Kumficha pesa hakumfundishi kuwajua. Mpe sheria chache, azishike:

- Kwenye simu yake kuwe na pesa ya siku hiyo tu. Akiba ya familia ibaki kwako.
- PIN haisemwi kwa mtu yeyote, hata anayejiita mhudumu wa kampuni yetu. Sisi hatutawahi kukuuliza PIN.
- Kabla ya kukamilisha malipo ya Till au Paybill, soma jina linalojitokeza. Kama si la duka, simama, uliza.
- Ukiambiwa umetumiwa pesa kimakosa, angalia salio lako kwanza, usiamini meseji peke yake. Na hata kama imeingia kweli, usirudishe mwenyewe. Mwambie aliyetuma awasiliane na mtandao wake.
- Simu itolewe ndani ya duka, si kwenye barabara wala kando ya dirisha.
- Kila mtoto ajue namba ya mzazi kwa kichwa. Simu ikiibiwa, piga kwa mtandao wenu papo hapo kwa simu nyingine, laini ifungwe.

Mfundishe pia kuangalia ada. Makanga akikupa namba yake ya simu badala ya Till, hiyo ni kutuma pesa, na ada ikiwepo ni juu yako. Kutoa 500 kwa wakala mara tatu kunagharimu zaidi ya kutoa 1,500 mara moja. Kwa hivyo apange asubuhi ni keshi kiasi gani itahitajika, atoe mara moja.

Kama hana simu, hiyo si sababu ya kumwacha nje. Mpe daftari. Yeye aamue na kuandika, wewe ubonyeze PIN.

Wasichana pia

Hapa nitasema wazi. Katika nyumba nyingi, mvulana akifika sekondari hutumwa mjini na pesa, na dadake huambiwa amshike mtoto mkono. Halafu tunashangaa msichana akifika chuo anaogopa kuuliza bei au kukataa kuongezewa nauli. Ukiwa na vijana wawili, kila mmoja apate siku yake na kiasi kilekile.

Jaribu likizo hii

Sehemu ngumu ni ya mzazi. Pesa ikiisha saa nane mchana, usikimbilie kuongeza. Dharura ni dharura, lakini chipsi si dharura. Kunyweni chai na mandazi, rudini kwa shangazi mapema. Jioni fungueni meseji za malipo pamoja, mzipitie moja moja bila kugombana. Muulize angebadilisha nini, kisha unyamaze umsikilize.

Kabla ya safari, kubalianeni mambo matatu: kiasi cha siku, watu ambao pesa hiyo inawahudumia, na saa ya kufika nyumbani. Mengine yote mwachie. Kikibaki kitu, kiwe chake. Kwangu zilibaki 340 bob, na hadi leo hajazitumia.