Wajumbe Watayarishwe Mapema

Mwezi Mei mwaka 1978 wataalamu wa asili ya binadamu walikutana nchini Sweden. Huko Mmarekani Donald Johanson alitangaza jina jipya, Australopithecus afarensis, kwa mabaki ya viumbe wa kale yaliyopatikana Afar nchini Ethiopia na Laetoli katika eneo la Ngorongoro. Kielelezo kilichochaguliwa kulibeba jina hilo hakikutoka Afar. Ni taya lililookotwa Laetoli mwaka 1974, lenye alama LH 4, nalo ni mali ya Tanzania. Bibi Mary Leakey, aliyeongoza uchimbaji wa Laetoli, alikuwapo na hakuridhika. Baadaye alikataa jina lake litiwe katika andiko lililochapishwa. Lakini neno lilikwisha kutoka. Hadi leo taya la Ngorongoro linaitwa kwa jina la mahali pengine.

Hatuikumbushi habari hii kwa kutaka kufufua ugomvi wa wataalamu. Tunaikumbusha kwa kuwa wapo, visiwani na bara, wanaodhani kuwa mkutano wa kisayansi ng'ambo ni matembezi yenye posho. Huko ndiko vitu vyetu hupewa majina, na asiyekuwapo huletewa jina likiwa tayari.

Miaka 19 kabla ya mkutano huo mambo yalikwenda vingine. Tarehe 17 Julai 1959 Bibi Leakey huyo huyo alilipata fuvu maarufu katika korongo la Oldupai. Mwezi uliofuata mumewe, Louis, alikwisha kulifikisha Leopoldville, yaani Kinshasa ya leo, kwenye Mkutano wa Nne wa Afrika Nzima wa Historia ya Kale. Kwa muda huo mfupi vipande vilikuwa vimeungwa, maelezo yameandikwa, na jina limetolewa: Zinjanthropus, kutokana na Zinj, neno la Waarabu wa zamani kwa pwani yetu hii. Sisi watu wa visiwani tukapata fungu katika jina hilo pasipo kuulizwa. Wataalamu wamekwisha kulibadili, na lililosalia katika vitabu vyao ni boisei, la Charles Boise, tajiri wa London aliyegharimia kazi hiyo. Mlipaji amedumu kuliko pwani.

Leo hatuwezi kusema kuwa hatuna watu. Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa miongoni mwa waliotangaza nyayo nyingine za Laetoli mwaka 2016. Profesa Felix Chami alichimba pango la Kuumbi, Jambiani, mwaka 2005. Mwezi Agosti 2022 wanaakiolojia wa Afrika nzima walikutana hapa hapa Zanzibar. Kinachotupunguzia nguvu ni matayarisho ya safari ya nje, na hapo lawama ni ya ofisi zaidi kuliko ya mtaalamu.

Tuchukue safari ya Ulaya. Muhtasari wa mada hutakiwa miezi mingi kabla ya mkutano, na ada ya ushiriki hupanda kwa anayechelewa. Maombi ya viza ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, wala yasiletwe zikiwa zimesalia chini ya siku 15. Pasi iwe na uhai wa miezi 3 baada ya tarehe ya kuondoka huko, na bima ya matibabu isipungue yuro 30,000. Mwombaji wa mara ya kwanza hufika mwenyewe kutoa alama za vidole. Aliye Karatu apande basi hadi Arusha na kisha Dar es Salaam. Aliye Pemba avuke bahari. Mtumishi wa umma anahitaji pia kibali cha kusafiri nje, ambacho mwishoni mwa mwaka 2015 kilikazwa sana, na kwa haki, maana zilikuwapo safari zisizo na faida. Lakini faili likilala mezani wiki nane, hata kibali chenyewe hakina kazi tena. Kibali na viza viombwe siku ile ile mada ilipokubaliwa, na masurufu yaingizwe katika makisio ya mwaka, yasitafutwe wiki ya safari kama sadaka.

Mwenye kutaka kubeba mfupa au jiwe la kale ajue kuwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 haimruhusu kulitoa nchini bila ya leseni. Aghalabu nakala ya plasta na picha nzuri zinatosha.

Kisha aende nani? Aende aliyefanya kazi. Mkuu wa idara ambaye hajapata kuinama katika shimo la Oldupai hataweza kujibu swali la pili, na katika mikutano hii swali la pili ndilo lenye uzito. Mjumbe naye asipande ndege kabla ya kuisema mada yake, kwa dakika zile zile alizopewa, mbele ya vijana wa Karatu wanaochimba na kuchekecha udongo huo, pamoja na waongozaji wa makumbusho ya Oldupai. Hao wanajua kila kipande kilitoka wapi, na watamsahihisha bila ya haya.

Akirejea, aandike taarifa kwa Kiswahili: nini kilisemwa juu ya vitu vyetu, nani alipinga, jina gani limependekezwa. Nakala moja ifike Karatu, moja Oldupai, na moja Zanzibar, kabla ya marejesho ya masurufu yake kupokelewa.