Karatasi ya Dhahabu na Punje ya Kyela

Wapo wenzetu, tena baadhi yao ni wasomi, ambao wakitaka kumkirimu mgeni kwa chokoleti hutazama kwanza karatasi. Ikiwa na rangi ya dhahabu na jina la kiwanda cha Uswisi au Uingereza, hiyo kwao ndiyo bora. Ikiwa imetengenezwa na duka dogo la hapa nchini, huinunua kwa huruma, kama atoaye sadaka. Twaipinga tabia hii, wala si kwa uzalendo wa midomoni, bali kwa kuwa ni hukumu itolewayo bila kuonja.

Mpeleke mtu huyo huyo sokoni kununua mchele. Hataridhika na maandishi ya gunia. Atauchota kiganjani, ataunusa, atauliza: huu ni wa Kyela kweli, au umechanganywa? Muuzaji akibabaika, ataondoka zake. Huo ni ujuzi wa kutambua chakula, nao ni sehemu ya utamaduni wetu. Ajabu ni kwamba Kyela hiyo hiyo, kando ya Ziwa Nyasa, ndiyo wilaya yetu mashuhuri kwa kakao. Lakini likija suala la kakao, pua zetu hulala.

Na tuseme wazi ladha ya chokoleti hutoka wapi. Punje ya kakao itolewapo katika tunda lake huwa chungu na kali, wala haina harufu ya chokoleti hata kidogo. Mkulima hana budi kuivundika pamoja na ute wake mweupe kwa siku tano au sita, ndani ya masanduku au chini ya majani ya migomba, akiigeuza ili joto lienee; kisha huianika juani kwa siku kadhaa. Akiharakisha, uchungu hubaki. Akipitiliza, hunuka uvundo. Hakuna mashine ya Ulaya iwezayo kuirudisha ladha iliyopotea katika sanduku lile.

Viwanda vikubwa hatuvinyimi haki yao. Rodolphe Lindt wa Bern alibuni, mwaka 1879, mashine ya kuikoroga chokoleti kwa muda mrefu hadi ikalainika ulimini, na watengenezaji wote, wakubwa kwa wadogo, wana deni kwake. Lakini kiwanda kikubwa hutaka kipande cha leo kifanane na cha mwaka jana, kiliwe London au Nairobi. Kwa hiyo huchanganya punje za nchi nyingi, kikatia sukari, maziwa na vanila. Ni stadi ya kweli, ila gharama yake ni kufutwa kwa mahali: kakao ya Kyela humo ni tone ziwani.

Karakana ndogo iliyo makini hufuata njia nyingine. Tangu mwaka 2013 Kokoa Kamili, katika kijiji cha Mbingu, bonde la Kilombero, imekuwa ikinunua punje mbichi za wakulima wadogo na kuzivundika yenyewe. Dandelion, watengenezaji wa San Francisco, wameliandika jina hilo, pamoja na la Tanzania, juu ya karatasi ya chokoleti yao. Mlaji wa California amelisoma. Sisi je?

Je, duka dogo ndilo bora daima? La hasha! Mengi hununua chokoleti iliyokwisha kutengenezwa na viwanda vikubwa, huiyeyusha, huimimina katika vibao, huifunga utepe na kuiita kazi ya mikono. Na mdogo humezwa: Scharffen Berger ya Berkeley ilinunuliwa na Hershey mwaka 2005, karakana yake ikafungwa mwaka 2009, jina likabaki kwenye pakiti.

Jambo hili si la ulimi tu. Mwezi Desemba 2024, baada ya mavuno mabaya ya Ghana na Ivory Coast, bei ya kakao duniani ilipita dola 12,000 kwa tani. Mwaka uliofuata ikaporomoka. Mkulima anayejulikana kwa uzito wa gunia peke yake hupanda na kushuka na bei hiyo asiyoipanga. Anayeulizwa jina la shamba lake walau ana la kudai: malipo ya ubora wa kazi yake.

Kwa hiyo twawaomba walimu wa sayansi kimu, hasa wa Kyela na Rungwe ambako wanafunzi hupita kando ya kakao iliyoanikwa, wafanye somo moja. Zikaangwe punje, zimenywe, zitwangwe kinuni kwa sukari. Itakuwa na chengachenga, haitalainika kama ile ya Bern. Iwekwe kando ya ile ya dukani iliyovuliwa karatasi yake, na wanafunzi waonje zote mbili macho yakiwa yamefumbwa, kisha waandike walichokionja.